Tusikipite Kibao Kile cha Kando ya Barabara

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wanachama pamoja na wageni wao, nayo inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukumbini zimeachwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, walimu, wazazi, vijana, na nyote mliokubali kuitoa siku yenu ya mapumziko ili mje kunisikiliza, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalipita kila tunapokuwa safarini. Mnakijua kibao kile kidogo kinachosimama kando ya barabara, rangi yake imepauka, mshale wake unaelekea kwenye njia nyembamba, na juu yake pameandikwa "Makumbusho" na si zaidi, au pameandikwa "Nyumba ya" fulani, mtu ambaye jina lake tulilisikia shuleni na tukalisahau? Ni wangapi kati yetu waliowahi kukata kona wakaufuata mshale ule? Na ni wangapi waliosema, "Tutakuja siku nyingine," wakaongeza mwendo? Siwaombi mnyooshe mikono, maana nyuso zenu zimekwisha kunijibu.

Tunakipita kibao kile kwa sababu tumezoea kuamini kwamba makumbusho ya maana ni yale makubwa ya miji mikuu, yenye nguzo mlangoni na foleni ya kununua tiketi. Mimi siyapingi makumbusho makubwa. Lakini semeni kweli: mara ya mwisho mlipoingia katika mojawapo, mlikumbuka nini mlipofika nyumbani? Mwaka 1916 Mmarekani mmoja, Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa katibu wa Makumbusho ya Sanaa ya Boston, alichapisha makala kuhusu uchovu wa wageni wa makumbusho. Alimpiga picha mtu aliyepewa kazi ya kuvitazama vitu vilivyopangwa na kujibu maswali mepesi kuvihusu, na picha zile zinamwonyesha akiinama, akichuchumaa, akinyoosha shingo, akijikunja kando ya kabati la vioo ili asome kibandiko kilichowekwa chini kupita kiasi. Zaidi ya karne moja imepita, na sidhani kama kuna mtu humu ndani asiyeyajua maumivu yale ya kiuno.

Hoja yangu ni fupi, na nitairudia mpaka mniombe niache. Makumbusho madogo na nyumba za kihistoria zinampa mgeni mambo mawili ambayo jengo kubwa haliwezi kumpa kwa urahisi: kitu kilichobaki mahali pake, na mtu wa kumwuliza. Mahali na mtu, ndugu zangu. Mahali na mtu.

Tuanze na mahali.

Katika jiji la London, kwenye uwanja unaoitwa Lincoln's Inn Fields, ipo nyumba aliyoishi John Soane, msanifu majengo aliyechora jengo la zamani la Benki Kuu ya Uingereza. Bwana huyu alikuwa mkusanyaji asiyeshiba. Mwaka 1824 alilinunua kwa pauni 2,000 jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza, baada ya British Museum kukataa kulichukua, na ikabidi sehemu ya ukuta wa nyuma wa nyumba ibomolewe ili jeneza lipite. Mwaka 1833 alifanikiwa kupata sheria ya Bunge iliyoagiza kwamba atakapofariki nyumba itunzwe, kwa kadiri inavyowezekana, kama alivyoiacha. Alifariki mwaka 1837, na agizo lile linaheshimiwa mpaka leo.

Ndani ya nyumba hiyo kimo chumba kidogo cha picha, takriban mita nne kwa nne, ambacho kina picha zaidi ya 100. Zimeeneaje? Msimamizi wa chumba anaushika ukingo wa ukuta na kuuvuta, na ukuta unazunguka kwa bawaba kama mlango wa kabati, nao umebeba picha mbele na picha nyuma, na ukishafunguka unakuta nyuma yake picha nyingine zinakungoja. Wageni hushusha pumzi kwa pamoja kila mara. Sasa tuzichukue picha zile tukazitundike katika ukumbi mpana wenye taa nzuri. Zitaonekana vizuri zaidi, sikatai. Lakini akili ya yule mzee aliyeishiwa nafasi ukutani na asikubali kuacha kununua, hiyo tutaitundika wapi?

Mfano mwingine ni wa daktari Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, na huu naupenda kwa sababu nyumba zake za makumbusho ni mbili na zimegawana urithi kwa namna ya ajabu. Freud aliishi na kufanya kazi Vienna, mtaa wa Berggasse namba 19, kuanzia mwaka 1891 hadi 1938, yaani miaka 47. Wanazi walipoitwaa Austria alikimbilia London pamoja na familia yake, na akafanikiwa kuondoka na samani zake, vinyago vyake vya kale, na lile kochi mashuhuri ambalo wagonjwa walilala wakisimulia ndoto zao. Alifariki Septemba 1939, akiwa ameishi katika nyumba yake ya Maresfield Gardens kwa takriban mwaka mmoja tu.

Matokeo yake ni kwamba London kuna kochi, na Vienna kuna miaka. Anayekwenda London anaona chumba cha kazi kimejaa kila kitu, zulia juu ya kochi, vinyago vimepangwa mezani kama kikosi cha askari. Anayekwenda Vienna anapanda ngazi zilezile walizopanda wagonjwa, anaingia katika chumba cha kungojea chenye samani zilizorudishwa na binti yake, Anna, kisha anaingia mahali ambapo kazi yenyewe ilifanyika, na hakuna kochi. Ipi kati ya nyumba hizi ni ya kweli zaidi? Nimewahi kusikia watu wazima wakibishana juu ya swali hilo mpaka sauti zikapanda. Binafsi ningekwenda Vienna kwanza. Kochi naweza kuliona pichani. Lakini ule ukimya wa mtu anayengoja kuitwa ndani, hofu yake ikiwa imekaa naye kwenye kiti, huo siupati pichani.

Na kuna nyumba ambayo utupu wake umekusudiwa. Amsterdam, Prinsengracht namba 263, ndipo Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara mashuhuri, na watu wengine saba walipojificha wasionekane na Wanazi mpaka walipokamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Baada ya kukamatwa kwao samani zilichukuliwa zote. Kati ya wanane wale alirudi mmoja tu, baba yake Anne, Otto Frank, na nyumba ilipofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960 yeye alitaka vyumba vya maficho vibaki vitupu. Basi mgeni anatazama nini katika vyumba vitupu? Anatazama ukuta. Ukutani zimebaki picha ambazo Anne alizibandika ili chumba chake kichangamke. Imebaki ramani ya Normandy ambayo baba aliitumia kufuatilia majeshi yaliyokuwa yakikaribia. Na imebaki mistari midogo ya penseli, mmoja juu ya mwingine, ambayo wazazi waliichora kupimia urefu wa Anne na dada yake Margot.

Wazazi mliomo humu, ni nani kati yenu asiyewahi kumsimamisha mtoto ukutani, kisigino kikigusa ukuta, akamwekea alama juu ya kichwa? Mistari ile ingekatwa pamoja na kipande cha ukuta ikawekwa ndani ya kioo katika jengo jingine, ingekuwa ushahidi wa kihistoria. Pale ilipo, ni watoto wanaokua ndani ya nyumba wasiyoruhusiwa kutoka.

Nisiongeze mifano ya mahali, ingawa Kapenguria nisiitaje nitakuwa nimewanyima. Huko Kenya ya kaskazini magharibi, mji ambao serikali ya kikoloni iliuchagua kwa sababu ulikuwa mbali na macho ya watu, zimehifadhiwa seli za Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko, walioshtakiwa huko mwaka 1952 na kuhukumiwa mwaka 1953. Kusoma kwamba watu hawa walifungwa ni jambo moja. Kuingia ndani ya seli, ukanyoosha mikono yako mwenyewe, ni jambo jingine.

Sasa nije kwenye mtu.

Mabibi na mabwana, nyumba haiokoki yenyewe. Hakuna nyumba hata moja kati ya hizi nilizozitaja iliyobaki kwa sababu ilikuwa nzuri au kwa sababu aliyeishi humo alikuwa mashuhuri. Kila moja ilibaki kwa sababu palikuwa na mtu, mara nyingi mtu wa kawaida kabisa, aliyesema, "Hii haibomolewi."

Huko Bonn, Ujerumani, nyumba aliyozaliwa Beethoven ilikuwa hatarini kubomolewa. Mwaka 1889 wakazi kumi na wawili wa mji ule walianzisha chama, wakainunua, na mwaka 1893 wakaifungua kuwa makumbusho. Kumi na wawili! Katika safu hii ya mbele peke yake wapo watu wengi kuliko hao. Huko Uingereza, shirika la National Trust, ambalo leo lina mamia ya majengo na mashamba, lilianzishwa mwaka 1895, na jengo lake la kwanza kabisa lilikuwa nyumba kuukuu ya makasisi katika kijiji cha Alfriston, iliyonunuliwa mwaka 1896 kwa pauni 10. Na Marekani, makazi ya George Washington pale Mount Vernon yalikuwa yanaanguka, Serikali haikutaka kuyanunua, ndipo mwanamke mmoja aitwaye Ann Pamela Cunningham alipoanzisha chama cha wanawake mwaka 1853, wakachangisha dola 200,000, wakanunua nyumba na ardhi. Chama hicho ndicho kinachoimiliki mpaka sasa.

Lakini kisa ninachotaka mwondoke nacho leo ni cha Cape Town.

Palikuwa na mtaa ulioitwa District Six, chini ya mlima, karibu na bandari, uliokaliwa na watu wa kila rangi na kila dini. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi iliutangaza kuwa eneo la watu weupe peke yao. Katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 60,000 waliondolewa kwa nguvu na kupelekwa mbali, kwenye tambarare yenye mchanga na upepo, na nyumba zao zikasawazishwa kwa matingatinga. Makanisa na misikiti iliachwa. Nyumba hazikuachwa.

Mnajua kwamba mtaa una vibao vya majina ya barabara. Msimamizi wa kazi ya ubomoaji alitakiwa kuvitupa vibao vile. Hakuvitupa. Alivichukua akavificha nyumbani kwake, na vikakaa huko miaka na miaka. Mwaka 1994, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa watu wote, makumbusho madogo yalifunguliwa ndani ya kanisa la zamani la Kimethodisti karibu na mtaa ule, na vibao vile vikajitokeza. Leo vinaning'inia ndani ya jengo, majina ya barabara ambazo hazipo tena.

Na sakafuni? Sakafuni ipo ramani kubwa ya mtaa wote. Waliokuwa wakazi walialikwa waje waandike kwa mkono wao pale palipokuwa nyumba yao. Wakaja. Wakapiga magoti juu ya ramani, wazee kwa wazee, wakatafuta kona yao, wakaandika jina la familia. Nawaomba mlione jambo hilo kwa karibu: mtu mwenye umri wa miaka 70 amepiga magoti, kidole chake kinafuata mstari wa barabara iliyofutwa, anasema hapa palikuwa na duka, hapa palikuwa na ngazi, hapa ndipo tulipokuwa tukikaa, kisha anaomba kalamu.

Nani ameyatengeneza makumbusho yale? Ni mtunzaji aliyesomea, au ni yule bibi mwenye kalamu? Ndiyo maana nasema mahali na mtu. Ukiingia katika makumbusho madogo, anayekupokea mlangoni mara nyingi ndiye aliyekusanya, au ni mtoto wa aliyekusanya, au ni jirani anayejitolea Jumamosi kwa Jumamosi bila mshahara. Hakuna makumbusho makubwa duniani ambapo utaingia na mkurugenzi akuulize, "Mmetoka wapi? Njooni niwaonyeshe kitu." Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu hawa hawapati wageni wengi, na mgeni mwenye maswali huwachangamsha kuliko mchango anaoutia kwenye kisanduku, ingawa kisanduku nacho tusikisahau.

Hapo nimefika kwenye sehemu ambayo huenda isimfurahishe kila mmoja. Nimewasifia wenyeji hawa. Sasa nasema tusiwaamini kwa kila kitu.

Nyumba ya kihistoria husimulia, na kila msimuliaji huchagua. Swali la kwanza la kumwuliza mwongozaji wa nyumba yoyote ile ni hili: ni kipi humu ndani kilichokuwamo tangu mwanzo, na ni kipi kilicholetwa baadaye? Ni swali la adabu, na mwongozaji mzuri hulipenda. Nyumba ya mwandishi Karen Blixen, karibu na Nairobi, ambayo yeye aliishi hadi aliporudi Denmark mwaka 1931, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Ndani yake mna samani zake halisi, na mna pia vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya filamu iliyomhusu, iliyotoka mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Hakuna ubaya wowote. Lakini mgeni asiyeuliza atasimama mbele ya kifaa cha waigizaji akidhani amesimama mbele ya karne iliyopita.

Wakati mwingine jambo ni zito kuliko samani. Katika kisiwa cha Gorée, Senegal, ipo Nyumba ya Watumwa, na ndani yake upo mlango unaofungukia bahari, unaojulikana kuwa mlango wa kutorudi tena. Mtunzaji wake wa miaka mingi, Boubacar Joseph Ndiaye, aliyefariki mwaka 2009, aliwasimulia wageni kutoka duniani kote kwamba mamilioni ya watu walipitia pale wakienda utumwani. Wanahistoria kadhaa, akiwamo Mmarekani Philip Curtin, walipinga hesabu hiyo: walisema kwamba Gorée ilipitisha watu wachache sana kuliko bandari nyingine za pwani ya Afrika Magharibi, na kwamba nyumba yenyewe ilikuwa makazi ya mfanyabiashara. Mabishano yalikuwa makali, na walioumia walikuwa na sababu ya kuumia. Je, nyumba ile imepoteza thamani? Mimi nasema haijapoteza. Watu wanaolia mbele ya mlango ule wanalilia jambo lililotokea kweli, hata kama wengi wa mababu zao walipitia milango mingine. Ila mgeni anayezijua pande zote mbili anasimama pale akiwa mtu mzima, na si mtoto anayesimuliwa hadithi.

Swali la pili ni hili: nani aliishi humu na hatajwi? Nirudi Mount Vernon. Tangu wanawake wale wainunue, wageni walipelekwa kuona chumba cha kulia, kitanda alichofia Rais, bustani. Lakini mwaka 1799, Washington alipofariki, katika mashamba yale waliishi watumwa 317. Nani alizipanda zile bustani? Nani alipika, nani alitandika kile kitanda? Kwa miongo mingi swali hilo halikuwa na nafasi katika ziara. Leo linayo, kama linavyo pale Monticello, nyumbani kwa rais mwingine wa Marekani, Thomas Jefferson, ambako mwaka 2018 palifunguliwa maonyesho juu ya maisha ya Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake na aliyemzalia watoto. Kwa hiyo mnapoingia katika nyumba yoyote ya tajiri, msiishie sebuleni. Tafuteni jiko. Tafuteni ngazi za nyuma, zile nyembamba zisizo na zulia. Linganisheni upana wa ngazi za mbele na za nyuma, na mtakuwa mmesoma jambo ambalo hakuna kibandiko kilichoandika.

Na zipo nyumba ambazo hazikuwahi kuwa za tajiri. New York, mtaa wa Orchard namba 97, ni jengo la kupangisha lililojengwa mwaka 1863. Kabla ya kufungwa kwa wapangaji mwaka 1935 lilikuwa limepitiwa na watu wapatao 7,000, karibu wote wahamiaji. Kila familia ilikuwa na vyumba vitatu vyenye jumla ya mita za mraba takriban 30, na kwa miaka mingi vyoo vilikuwa uani. Mwenye jengo aliona ni gharama mno kulifanyia marekebisho yaliyotakiwa na sheria, akafunga ghorofa za juu, na zikakaa hivyo zaidi ya miaka 50 mpaka waanzilishi wa makumbusho walipozikuta mwaka 1988, karatasi za ukutani zikiwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na mpangaji wake. Humo wanasimulia habari za Nathalie Gumpertz, ambaye mumewe, Julius, aliondoka siku moja ya mwaka 1874 na asionekane tena, akamwacha na watoto. Akaanza kushona nguo ndani ya chumba kilekile, dirishani palipokuwa na mwanga, na akawalea. Hakuna sanamu yake uwanjani. Jina lake tunalijua kwa sababu watu walipekua kumbukumbu za mahakama na za sensa. Niseme wazi kwamba kwangu mimi nyumba ya mshonaji huyu inashinda majumba kumi ya wafalme.

Mheshimiwa Mwenyekiti ananionyesha saa yake, kwa hiyo mambo ya utekelezaji nitayapitia kwa haraka.

Pigeni simu kwanza. Makumbusho madogo hufunguliwa siku chache kwa wiki, mengine hufungwa msimu mzima, na mengine ufunguo wake uko kwa mtu anayeishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Kwenu ninyi mnaopenda kupanga, siku moja inatosha nyumba moja, mbili zikizidi. Atakayepanga tatu ameisahau picha ya yule bwana wa mwaka 1916.

Ulizeni kuhusu ngazi kabla ya kwenda na wazee. Nyumba za kale zina ngazi za mwinuko mkali na vizingiti virefu, na nyingi haziruhusiwi kuwekewa lifti. Nyumba nyingine zina picha au maelezo ya ghorofa ya juu kwa wasioweza kupanda; ni bora kujua mapema kuliko kumwacha mama mzee peke yake kwenye benchi.

Msinung'unike kwamba vyumba ni vya giza. Mwanga huharibu nguo, karatasi na rangi za maji, na uharibifu wake hujumlishwa siku kwa siku na haurekebishiki, ndiyo sababu wahifadhi huweka vitu hivyo katika mwanga usiozidi luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), ambao ni hafifu kweli. Simameni mlangoni dakika moja, macho yazoee, na chumba kitajifungua chenyewe. Mkoba wa mgongoni uachwe mapokezi, kwa maana ndio unaoangusha vitu. Viatu vya visigino vyembamba viachwe nyumbani: uzito wote wa mwili hukusanyika kwenye ncha moja, na mbao za sakafu ya kale huingia mashimo. Na mikono tuizuie, hata ile inayoonekana safi, kwa sababu ngozi ina mafuta na chumvi.

Kwa watoto nina neno moja tu, walimu mnisikilize. Msiwape karatasi yenye maswali ishirini. Watatafuta majibu na hawataona kitu. Wapeni kazi ya kutafuta namba. Karibu kila kitu kilichoingizwa rasmi katika makumbusho kina namba ndogo iliyoandikwa kwa wino mahali pasipoonekana sana, chini ya chungu, nyuma ya fremu, kwenye ukingo wa kinu. Namba hiyo mara nyingi huanza na mwaka ambao kitu kiliingia, kisha nukta, kisha namba nyingine. Mtoto akiipata atauliza: kilitoka kwa nani mwaka huo? Kwa nini alikitoa? Mpelekeni kwa mtunzaji akaulize mwenyewe. Mtunzaji atafungua daftari la kupokelea vitu, na kuanzia hapo nyinyi watu wazima mtasahaulika kwa muda.

Mwisho ni kitabu cha wageni. Tumezoea kuandika "Pazuri sana, hongereni", tukatia saini, tukaondoka. Kitabu kile huhesabiwa. Makumbusho madogo yanapoomba ruzuku au yanapotetea kuwapo kwake mbele ya halmashauri, mara nyingi hicho ndicho ushahidi yalio nacho kwamba kuna watu wanaokuja. Andikeni tarehe, andikeni mmekuja wangapi, andikeni mmetoka wapi, na andikeni kitu kimoja mlichokiona, kwa jina lake. Na kama nyumbani mna picha, barua au chombo kinachohusiana na mahali pale, mwambieni msimamizi kabla ya kuondoka. Msikiache kaunta bila maelezo, kwa maana kitu kisicho na historia ya kilikotoka humpa mtunzaji kazi kubwa kuliko faida. Mwachieni namba yenu ya simu, atawapigia.

Kwenye meza ya mlangoni nimeweka karatasi ya kujiandikisha kwa wanaotaka kwenda pamoja mwezi ujao. Nyumba tutakayoitembelea itaamuliwa na watakaojiandikisha, na ombi langu ni kwamba kila anayependekeza nyumba awe amekwisha kuipigia simu. Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.